Kumbukumbu ya mradi: kamera iliyokataa kurudisha filamu

Wiki ya kwanza

Nilipiga picha ya 36, mkono wa kusogezea filamu ukagoma, nikajua roli imekwisha na filamu inatakiwa kurudishwa ndani ya mkebe wake. Nikabonyeza kitufe kidogo cha chini ya kamera, nikafunua kikono cha kurudishia na kuanza kukizungusha kufuata mshale. Kilikuwa kizito. Nilidhani ni uzito wa kamera iliyokaa miaka kabatini, nikaongeza nguvu. Ndani kukasikika mlio wa kra-kra-kra, mfululizo. Baada ya mizunguko mitatu nikasimama.

Sikufungua mgongo. Niliitia kamera kwenye mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, nikaingiza mikono, nikaichomoa filamu kwa vidole na kuifungia kwenye kopo lisilopenya mwanga. Mwenye mkasa kama huu asiyekuwa na mfuko, chumba kisicho na hata mstari wa mwanga chini ya mlango kinatosha. Ukifungua mgongo mwangani, picha zilizo juu juu kwenye spuli ya kupokelea (ile inayozungushiwa filamu iliyokwisha kupigwa) zimekwenda, na hazirudi.

Siku tatu baadaye

Filamu imesafishwa. Picha karibu zote ziko salama, nami nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Lakini kwenye picha ya 33 hadi ya 35 matundu ya pembeni yamechanika, pande zote mbili, na mpasuko mmoja umeingia hadi kona ya picha.

Nilianza kwa kushuku mkono wangu mwenyewe. Huenda mwisho wa roli niliulazimisha mkono wa kusogezea, nikachana filamu kabla hata ya kuanza kurudisha. Basi nikayahesabu matundu. Filamu ya milimita 35 ina matundu 8 kwa kila picha, kila upande, na gurudumu la meno, linaloshika matundu hayo ndani ya kamera, husogeza matundu 8 kwa kila picha, basi. Kulazimisha mara moja hakuwezi kuharibu zaidi ya hapo. Mimi nilihesabu 22. Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 4.75, kwa hiyo filamu iliburuzwa kama sentimita 10 juu ya meno yaliyosimama. Ndiyo ile mizunguko mitatu ya kikono.

Kwa hiyo kosa limetokea wakati wa kurudisha, na gurudumu la meno halikuwa huru.

Naeleza kidogo hapa kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa. Ukisogeza filamu, gurudumu la meno limeshikana na gia za mkono, linaenda mbele tu. Kile kitufe cha chini ni kama klachi: kinaachanisha gurudumu na gia ili lizunguke kinyumenyume bila kupinga. Kikono cha juu hakijui chochote kuhusu klachi hiyo. Kazi yake ni kuzungusha kijiti cha katikati ya mkebe, na kitavuta hata kama njia imefungwa. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: kikono kikiwa kizito, acha. Ubonyeze kitufe upya kwanza.

Wiki ya pili

Nilijaribu kamera ikiwa tupu, mgongo wazi. Nikabonyeza kitufe, kikazama na kubaki ndani. Nikazungusha gurudumu la meno kwa kidole, likaenda pande zote bila shida. Kila kitu sawa! Jioni nzima nikaitumia kukagua kikono, uma unaoshika mkebe, hata mkebe wenyewe kama umebonyea. Vyote vizima.

Kesho yake nikachukua filamu iliyoharibika, nikaipakia mgongo ukiwa wazi, nikatia doa la rangi nyeupe kwenye ncha ya gurudumu la meno ili nione linavyozunguka. Nikasogeza picha tano, nikabonyeza kitufe, nikakiachia, nikaanza kurudisha. Doa lilizunguka nusu duara, likasimama. Nikageuza kamera: kitufe kimejirudia juu.

Nikarudia huku kidole kikiwa juu ya kitufe muda wote. Filamu ikarudi laini kabisa. Hapo nilipiga kelele chumbani peke yangu.

Funzo la jioni ile iliyopotea ni kwamba kamera tupu haina mvuto wa filamu. Filamu ndiyo inayoitikisa mitambo, na kosa langu lilihitaji mtikisiko huo ili lijitokeze. Roli moja iliyoharibika ni kifaa cha karakana, usiitupe.

Wiki ya tatu

Sahani ya chini inashikwa na skrubu tatu. Nilizibandika kwenye utepe kwa mpangilio uleule wa matundu yake, kwa kuwa moja ni fupi kuliko nyingine. Ndani, pembeni ya kitufe, kuna kilimi cha chuma chenye springi nyembamba kama unywele. Kitufe kikizama, kilimi huingia kwenye mfuo wake na kukishikilia mpaka usogeze filamu tena. Changu kilikuwa kimezungukwa na grisi ya kale, kahawia, ngumu kama nta. Kiliingia kwenye mfuo robo tu, polepole, na mtikisiko wowote ulikichomoa.

Nilisafisha kwa spiriti kwenye ncha ya kijiti cha pamba, kidogo kidogo, nikibadilisha pamba kila ilipochafuka. Kumimina ni hatari: grisi iliyoyeyuka husafiri, na ikifika kwenye shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) umejitafutia ugonjwa wa pili. Baada ya vijiti saba kilimi kikaanza kuruka chenyewe kwa mlio mdogo, tik. Nikakipaka grisi mpya kiasi cha ncha ya sindano, nikafunga.

Majaribio kumi na filamu ya kuchezea. Mara zote kumi kitufe kimebaki ndani na doa jeupe limezunguka mpaka mwisho.

(Kamera za mota zina njia yake. Zikikwama katikati ya kurudisha, mara nyingi betri imechoka. Weka mpya kabla ya kugusa mlango.)

Wiki ya nne

Roli ya kweli, picha 36. Wakati wote wa kupiga nilitazama kikono kinazunguka kila ninaposogeza, maana hiyo ndiyo dalili kwamba filamu imeshika. Mwisho wa roli sikuulazimisha mkono. Kwenye kijiti cha mkebe filamu hushikiliwa na utepe tu, na ukiubandua, kikono kitazunguka bure na filamu yote itabaki ng'ambo ya pili.

Nilirudisha taratibu. Hewa ikiwa kavu, kasi huzaa cheche za umeme tuli zinazoacha alama kama radi kwenye filamu. Nikahesabu mizunguko: 28, 29, 30. Kwenye wa 32 uzito ukaongezeka kidogo, kisha ukaachia ghafla. Ncha ilikuwa imetoka kwenye spuli. Nikaongeza miwili, nikafungua mgongo.

Mkebe ulikuwa umefungika, filamu yote ndani, na kitufe bado kimezama.