Uzoefu wangu: ninavyolirudisha shamba la kahawa na migomba baada ya kiangazi kikali

Huku Lwengo, jirani na Masaka nchini Uganda, kiangazi cha Desemba kikipitiliza hadi kuingia Machi, shamba hutia huruma. Mibuni hubaki na majani machache yaliyojikunja, migomba huvunjika katikati ya shina, na wengi hushika jembe wakang'oe. Mimi sing'oi kitu mpaka mvua ya ttoggo, yaani masika ya kuanzia Machi, ishuke na udongo ulowe kina cha kiganja kizima. Mmea wa robusta (aina ya kahawa tunayolima) au wa matooke (ndizi za kupika) unaoonekana umekufa mara nyingi uko hai chini.

Kwanza napima uhai. Nakwaruza gome la mbuni kwa ukucha wa kidole gumba, nikianzia nchani mwa tawi na kushuka pingili kwa pingili. Pakitokea kahawia kavu, hapo pamekufa. Naendelea kushuka mpaka ukucha ufichue utando mwembamba wa kijani, wenye majimaji, unaong'aa kidogo juani. Ule ukijani hunifurahisha kila mwaka kama vile sijawahi kuuona, maana kuanzia hapo kwenda chini mti ni mzima. Sehemu iliyokufa naikata kwa makasi ya kupogolea, nikiingia sentimita mbili tatu ndani ya kijani ili kidonda kipone upesi.

Hapo inabidi kuwa mwangalifu, kwa sababu si kila tawi kavu limekaushwa na jua. Kuna mdudu mweusi mdogo sana anayetoboa vitawi vya kahawa, aliyeripotiwa Uganda mara ya kwanza mwaka 1993. Geuza tawi uangalie upande wa chini: ukikuta tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, ni yeye. Jua hukausha kuanzia nchani na haliachi tundu. Mdudu hukausha kuanzia alipotoboa kwenda nchani, na nyuma ya tundu tawi linaweza kuwa bichi kabisa. Tawi la namna hiyo nalikata chini ya tundu na kulichoma moto siku hiyohiyo. Ukiliacha shambani, wadudu waliomo ndani hutoka na kuhamia matawi mapya, na kwa sasa matawi mapya ndiyo mali yote tuliyo nayo.

Kisha maua. Vitumba vya maua ya kahawa hulala kiangazi kizima kwenye pingili, vidogo, vigumu, vya kijani. Mvua nzuri ya kwanza huviamsha: vinavimba, vinarefuka, vinageuka vyeupe, na baada ya siku saba hadi kumi hivi shamba zima hufunguka asubuhi moja, harufu yake ikifika barabarani. Maua hayo hudumu siku mbili au tatu tu. Robusta haijichavushi yenyewe, inahitaji chavua ya mbuni mwingine, inayoletwa na upepo na nyuki. Kwa hiyo siku hizo sipulizi dawa yoyote ya wadudu, na wala sipogoi. Anayepuliza maua yakiwa wazi anaua nyuki, kisha anashangaa vishada vimeshika punje chache. Ua lililoshika huchukua miezi tisa hadi kumi na mmoja kuwa kahawa nyekundu ya kuchuma.

Mbuni mzee uliokauka juu lakini una kijani karibu na kitako naukata mvua zinapoanza, sentimita 30 kutoka ardhini. Natumia msumeno, maana panga hupasua shina. Mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke. Mkato bapa hutuamisha maji na kuozesha kisiki. Kama kuna shina moja lenye majani, naliacha lilishe mizizi mpaka machipukizi yashike. Machipukizi hutoka mengi sana, na ukiyaonea huruma yote utapata kichaka kisicho na kahawa. Yakifika urefu wa shubiri moja nabakiza mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotoka pande tofauti za kisiki, mengine nayakwanyua kwa mkono. Mazao ya kwanza ni baada ya miaka miwili hivi.

Kwa migomba, shina lililovunjika nalikata bapa. Kiini cha katikati kikichomoza juu ya mkato kesho yake, tunguu, yaani kitako cha mgomba kilicho ardhini, liko hai, na machipukizi yatakuja. Nachagua yenye majani membamba kama upanga. Yale yenye majani mapana tangu utotoni yameshikana na mama kijuujuu tu na hutoa mkungu dhaifu. Katika kila kichaka nabakiza mama, binti na mjukuu, yaani mgomba mkubwa na machipukizi mawili ya umri tofauti. Panga linapohama kutoka kichaka kimoja kwenda kingine nalipitisha motoni, au nalichovya kwenye kikombe kimoja cha Jik (dawa ya kung'arisha nguo) kilichochanganywa na vikombe vitano vya maji, kwa sababu kiwotoka, ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, huenea sana kwa panga. Ukikata shina likatoa utomvu wa manjano, huo si ukame.

Mbolea ni mwisho. Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kichaka cha migomba, naizungushia umbali wa nusu mita kutoka shinani, udongo ukiwa umelowa. Samadi mbichi kwenye udongo mkavu huunguza mizizi michanga, na hapo ndipo shamba lililonusurika jua hufia mikononi mwa mwenyewe. Mizizi ya kahawa inayokula iko juujuu, kwa hiyo magugu yaliyo chini ya mibuni nafyeka bila kulima. Matandazo ya majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi nayaweka unene wa sentimita 10 hivi baada ya mvua kuingia ardhini, nikiacha nafasi kuzunguka kila shina la mgomba, kwa kuwa kayovu, fukusi anayetoboa migomba, hupenda kujificha pale penye unyevu na giza. Wiki mbili baadaye nazunguka tena mibuni yote na kugeuza matawi mapya, nikitafuta lile tundu.