Andikeni karatasi zimeruka

Nlikuwa form two Tanga, tumefika topiki ya umeme tuli, ule unaokaa juu ya kitu ukikisugua, darasa zima tuna kijiti kimoja cha plastiki. Ticha akakisugua na kitambaa cha sufu mpaka jasho likamtoka, masika hiyo, hewa ya Tanga unaweza kuikamua, akakisogeza kwenye vipande vya karatasi, kimya. Akasugua tena, kimya. Mwisho akasema haya andikeni, karatasi zimeruka. Tukaandika. Mi niliweka na mchoro kabisa.

Likizo ya mwezi wa sita nikapelekwa Iringa kwa bibi mzaa mama. Baridi na ukavu ule sikuwahi kuuona, midomo inapasuka, nikanunuliwa sweta la mtumba la nailoni. Usiku mmoja umeme umekatika, navua sweta nasikia tatatata kama chumvi kwenye moto, kuangalia hivi vicheche vya bluu vinakimbia mkononi! Binamu yangu akanishika sikio aone nina nini, ikalia ta, akaruka yeye nikaruka mimi, nikapiga yowe. Bibi akaja na koroboi, akanimulika, akasema "mjukuu wangu, hiyo si kila kiangazi? Lala."

Kulala wapi bwana. Tukachanachana karatasi, nikachukua peni ya Bic nikaisugua kwenye sweta (nywele za kuisugulia sina, kichwa kilikuwa kipara, shule walitunyoa) na kweli vikaruka, vikaning'inia, halafu kimoja kimoja kikawa kinajitupa pembeni kama kimefukuzwa. Hiyo ya kufukuzwa haikuwepo kwenye daftari langu, nani angeibuni? Kumbe kikikaa pale kinagawiwa chaji, yaani umeme uleule uliokaa kwenye peni, na zinazofanana zinasukumana.

Sasa binamu, yuko la sita tu, akaniuliza: kaka, karatasi haijasuguliwa, inavutwa na nini? Nikamwambia utasoma ukifika form two. Muongo mimi, sikuwa najua. Baadaye sana ndo nikaelewa peni ina chaji hasi, inazisukuma elektroni za karatasi (chembe ndogo sana, nazo zina chaji hasi) ziende upande wa mbali, upande wa karibu unabaki chanya, na kwa kuwa uko karibu zaidi mvuto unaushinda msukumo. Na ile ya sikio, hewa kavu ili ipasuke cheche ya milimita 1 tu inataka kama volti 3,000, wakati umeme wa ukutani ni 230! Ila chaji yenyewe kiduchu ndo maana tuko hai.

Shule zilipofunguliwa nikamsimulia ticha. Hakucheka. Akachukua kijiti na kitambaa akaenda jikoni kwa wapishi, akavipasha juu ya mkaa kwa mbali, maana unyevu ukikaa juu ya kijiti chaji yote inavujia humo. Tulimzunguka kama kumi hivi na moshi machoni. Akasugua, akasogeza. Vikaruka vitatu.

Akatugeukia, "Haya, zile notisi zenu msizifute."