Dominica kwa miguu: kutoka Laudat hadi ziwa linalochemka

Kwanza tiketi. Dominica si Jamhuri ya Dominika. Ni kisiwa kingine kabisa cha Karibea, kati ya visiwa vya Guadeloupe na Martinique, na anayekata tiketi kwa pupa hujikuta Santo Domingo. Sisi tulitua uwanja wa ndege wa Douglas-Charles, kaskazini-mashariki, na kutoka hapo hadi mji mkuu, Roseau, ni zaidi ya saa moja ya kona tupu. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Ukitajiwa bei, uliza kwanza ni dola ipi: dola moja ya Marekani ni dola 2.70 za Karibea Mashariki.

Alfajiri tulipanda Laudat, kijiji kilicho juu ya Roseau. Njia ya Boiling Lake, yaani ziwa linalochemka, inaanzia hapo, kwenye korongo la Titou. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 13, ila kilomita hizi si za barabarani. Tenga saa sita hadi nane. Anayeanza saa nne asubuhi anajitafutia giza msituni. Mwongozaji ni wa lazima, hata kama miguu yako ni ya mlima, kwa sababu ukungu ukishuka njia haionekani.

Mwanzo ni msitu mzito na ngazi za magogo yanayoteleza. Nyoka wapo, lakini hakuna mwenye sumu. Baada ya saa moja hivi unafika Breakfast River. Jaza chupa hapo hapo, maana vijito vya mbele vina salfa, havinyweki. Kisha unaukwea Morne Nicholls, unaozidi mita 900, na kukiwa kweupe unaona moshi wa ziwa kwa mbali. Mteremko wa upande wa pili ndio unaoumiza: tope, mizizi, mawe yaliyolegea. Wengi tuliushuka kwa makalio.

Chini ni Valley of Desolation, yaani Bonde la Ukiwa. Miti inakatika ghafla. Ardhi ni ya njano, nyeupe na rangi ya kutu, inanuka mayai viza, na matundu yake yanafoka mvuke. Kanyaga pale pale alipokanyaga mwongozaji: ukoko wa juu ni mwembamba na chini yake maji yanatokota. Pete ya fedha iache hotelini, salfa itaigeuza nyeusi.

Ziwa lenyewe lina upana wa mita 60 hivi. Ni tundu la mvuke wa volkano lililojaa maji ya mvua na ya vijito. Gesi inayopanda kutoka chini ndiyo inayoyachemsha. Pembeni joto limepimwa kati ya nyuzi 82 na 92, na katikati linafoka kama sufuria iliyo tayari kutiwa unga. Unalitazama kutoka juu, ukisubiri upepo upasue mvuke. Usishuke ukingoni: udongo unamomonyoka. Mara nyingine maji hupungua, kama Desemba 2004, kisha hurudi.

Ukirejea Titou, ogelea korongoni kati ya kuta nyembamba hadi kwenye maporomoko madogo. Maji ni baridi kweli, lakini magoti yatashukuru. Mvua ikinyesha milimani usiingie. Maji hujaa kwa dakika chache.

Siku ya pili tulikwenda kaskazini, Portsmouth, kwenye ngome ya Fort Shirley katika hifadhi ya Cabrits. Majengo yaliyokarabatiwa ni mazuri, lakini mimi ningekwenda kwa ajili ya Aprili 1802. Wanajeshi Waafrika wa Kikosi cha 8 cha West India, watumwa waliovishwa sare ya Uingereza, waliasi hapa. Mishahara ilicheleweshwa, Gavana Cochrane-Johnstone aliwafyekesha mashamba yake, na wakaogopa kuuzwa kwenye mashamba ya miwa. Uasi ulizimwa kwa damu. Mwaka 1807 wanajeshi wote watumwa wa jeshi la Uingereza wakatangazwa huru.

Usiishie kwenye uwanja wa ngome. Fuata njia inayoingia msituni hadi kwenye magofu ya nyumba ya kamanda, ambako mizizi ya miti imezikumbatia kuta za mawe. Viatu vya jana, na tope lake, vinatosha.