Sio kila bastola kuukuu ni ya Mjerumani

Tanga kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani. Nyumba ya mawe ya Mjerumani, kisima cha Mjerumani, hata pasi ya mkaa ambayo bibi kanunua Ngamiani miaka ya sabini, wajukuu wakija kuikuta stoo basi nayo inakuwa ya Mjerumani. Na bastola ndo usiseme. Toka watu wajue napenda mambo ya rivolva za zamani, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, zile ndogo za kuweka mfukoni, meseji zinazoingia kwenye simu yangu ni za sampuli moja, "kaka nina bastola ya Mjerumani ya vita ya 14, nitafutie mzungu", afu inafuata picha imepigwa usiku juu ya kanga, giza tupu, ukiikuza unaona kichuma chenye kutu hakizidi kiganja cha mkono.

Niseme kabisa kabla hatujafika mbali, sinunui, siuzi, na kwangu hakuna bastola hata moja, nzima wala mbovu. Hapa kwetu kukaa na silaha bila leseni ni kesi na askari hatakuelewa ukimwambia afande hii ni ya kale. Marekani wana mstari wao, iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma sheria yao ya taifa inaihesabu kuwa kitu cha kale, kwa hiyo mtu anajaza kabati sebuleni na wageni wanatembezwa kuonyeshwa. Mimi nakusanya vile vinavyozunguka bastola, kurasa za katalogi za maduka ya zamani, picha, vifuko vya ngozi, kopo tupu la fataki (vile vidude vidogo vya kuwashia baruti) la Eley wa London ambalo maandishi yake bado yanasomeka, na daftari langu ninalochora mihuri. Mama watoto anaita takataka. Sawa.

Hiyo mihuri ndo utamu wenyewe. Ukitaka kunitumia picha usinipigie ubavu mzima na sura yako ikionekana kwenye kioo, nipigie silinda kwa karibu, mchana. Nyingi ninazoletewa zina kiduara chenye umbo la yai, ndani yake herufi ELG na kinyota chini. Huo ni muhuri wa Liège, mji wa mafundi bunduki wa Ubelgiji, pale silaha ilikuwa inajaribiwa kwanza kwa kiasi kikubwa cha baruti kuliko kile cha kawaida, isipopasuka inagongwa muhuri ndo ikauzwe. Juu ya kile kiduara waliongeza taji mwaka 1893, kwa hiyo ukikuta ELG haina taji ujue ilishafaulu mtihani kabla ya mwaka huo. Waingereza nao wana mihuri yao ya London na Birmingham, Wajerumani sheria yao ya majaribio ya namna hiyo ni ya 1891 na wao hawana ELG. Yaani kichuma kile juu ya kanga kilitoka Ubelgiji, hakina hata harufu ya Berlin.

Kuna mzee mmoja wa Barabara ya 12 nilimweleza yote hayo, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akanywa kahawa yake taratibu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo Mjerumani hakuwa na hela ya kununua kitu cha Mbelgiji?"

Nikakosa jibu, maana mzee ana hoja. Liège walikuwa wanauza dunia nzima, na mwenye shamba la mkonge aliyepanda meli kuja Tanga angeweza kununua kirivolva chake popote njiani. Muhuri unakwambia kitu kimezaliwa wapi, haukwambii kimepita mifuko ya nani, na hela za wakusanyaji ziko kwenye hilo la pili.

Angalia ya Van Gogh. Mchoraji yule alijipiga risasi Julai 1890 huko Auvers-sur-Oise, Ufaransa, akafa siku mbili baadae. Miaka ya 1960 mkulima mmoja akaokota rivolva shambani karibu na hapo, aina ya Kifaransa inayoitwa Lefaucheux, ya risasi za milimita 7, imeliwa na kutu mpaka mti wa mshikio umeisha, mtu wa skrepa wa hapa Chumbageni angeipima kwa kilo. Juni 2019 ikapigwa mnada Paris ikaenda kwa euro 162,500. Na hakuna anayeweza kuapa kwamba ndo yenyewe! Wanasema imelala ardhini muda unaolingana, ni ndogo na nguvu zake zinalingana na jeraha, imeokotwa eneo lile lile, basi. Mimi nisingetoa hela hiyo. Ya Verlaine ndo naielewa, yule mshairi Mfaransa aliyempiga mwenzie Rimbaud risasi ya mkono Brussels tarehe 10 Julai 1873, bastola kainunua asubuhi ile ile, polisi wakaichukua, kesi ikasikilizwa, Verlaine akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, kila hatua ina karatasi. Hiyo iliuzwa Novemba 2016 kwa euro zaidi ya 434,000. Nayo Lefaucheux ya milimita 7, kitu cha aina moja kabisa, ambayo isipokuwa na hadithi wala haimsumbui mtu mnadani.

Afu kuna ya Guiteau, hii huwa inanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Charles Guiteau alimpiga rais Garfield wa Marekani kituo cha treni Washington tarehe 2 Julai 1881, kwa rivolva fupi ya aina inayoitwa British Bulldog, na inasimuliwa kwamba dukani alitaka yenye mshikio wa pembe za ndovu kwa sababu aliona itapendeza makumbusho. Rais alikuja kufa Septemba 19, na madaktari waliomchokonoa kidonda kwa vidole visivyooshwa wana sehemu yao kubwa. Bastola ikapelekwa makumbusho kweli kama jamaa alivyotaka, ikapotea. Hadi leo. Ukiona mtu anakuuzia "Bulldog ya Garfield" kimbia.

Sasa hizi Lefaucheux mtu akiziona mara ya kwanza anachanganyikiwa kwa sababu silinda ina vitundu vidogo pembeni, na risasi zake kila moja imechomoza kijiti ubavuni kama mwiba. Nyundo ya bastola haipigi kitako cha risasi, inashuka kutoka juu inagonga kile kijiti, kijiti kinaingia ndani kinagonga fataki, mlio. Casimir Lefaucheux alianza na bunduki za kuwindia, mwanae Eugène akaileta kwenye rivolva, ikachukuliwa na jeshi la majini la Ufaransa, na ndogo zake za mfukoni zikatengenezwa Liège kwa mafungu makubwa, fundi huyu nyumbani kwake anatengeneza silinda, yule mtutu, mwingine anachonga mshikio, zinakusanywa zinaunganishwa. Kwa hiyo zipo nyingi na bei yake ilikuwa ya karani na mwenye duka, hata mwalimu wa shule angejikaza akapata.

Kabla ya hapo ukitaka rivolva ya mfukoni ilikuwa ni Colt ya mwaka 1849, zilitengenezwa zaidi ya 300,000, kitu kizuri sana kukitazama, ila kuishindilia ni kazi, baruti unamimina kwa mbele tundu moja moja, risasi unaikandamiza, fataki unavisha nyuma, na ikishaisha katikati ya ugomvi huna la kufanya. Smith na Wesson wakatoka na yao mwaka 1857, kidude cha risasi saba ndogo za .22 zenye fataki ndani ya ukingo wa ganda, unaingiza kwa nyuma kwa sababu silinda imetobolewa moja kwa moja. Hilo tundu la moja kwa moja lilikuwa na hati miliki ya mtu anaitwa Rollin White, aliipata 1855, na jamaa wakakubaliana wamlipe senti 25 kwa kila bastola, ila kesi za kuwashtaki wanaoiga ni juu yake yeye mwenyewe. Unaona ujanja? Wao wanauza, yeye anashinda mahakamani. Hati ikaisha 1869, akaomba aongezewe, Bunge likakubali, rais Grant akakataa kusaini, na hapo ndo kila kiwanda Marekani kikaanza kumwaga vibastola vya bei poa mitaani.

Lakini kama ningeruhusiwa moja tu kwenye fremu ukutani ningechagua Velo-Dog, na kwa mtu wa Tanga nadhani sababu haihitaji maelezo, mji huu tunaishi juu ya baiskeli, mama mwenye baibui anakupita na kapu la samaki nyuma we bado unatafuta pedeli. Miaka ya 1890 Ulaya baiskeli ndo ilikuwa imeingia kwa nguvu na mbwa hawajaizoea, wanafukuza tairi, wanang'ata miguu. Galand, fundi wa Paris, mwaka 1894 akatoa rivolva ya mwendesha baiskeli, Velo-Dog, yaani baiskeli na mbwa vimebandikwa pamoja. Nyundo mara nyingi imefichwa ndani ili isinase kwenye mfuko wa koti, kifyatulio kinajikunja, risasi yake nyembamba na ndefu ya milimita 5.75, na kwa wenye huruma kulikuwa na risasi za kujazwa pilipili. Pilipili! Liège wakaiga haraka, kama kawaida yao. Napenda hiki kidude kwa sababu kinakwambia watu wa mjini mwaka ule waliogopa nini. Bastola ya jeshi inakwambia tu kwamba serikali ilikuwa na vita, hilo tunalijua tayari.

Watu huuliza mbona kwenye masanduku ya wazee wetu wa pwani hazimo. Magobore yapo, bunduki za gumegume zipo, rivolva hamna. Sababu kubwa ina tarehe kabisa, 2 Julai 1890, Mkataba wa Brussels, ule wa kupiga vita biashara ya watumwa. Mataifa yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa kuuzwa Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, Tanga ipo nyuzi 5 kusini kwa hiyo tumo katikati ya shuka. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Silaha nzuri alibaki nazo mzungu kwa kibali. Na kumbuka miezi michache tu kabla, Desemba 1889, Abushiri alinyongwa Pangani baada ya kuwasumbua Wajerumani pwani nzima, kwa hiyo maneno ya watumwa yalikuwepo na ya kweli, ila na hofu ya mtu mweusi mwenye bunduki ya kisasa ilikuwepo pia, asikudanganye mtu.

Na hao Wajerumani wa vita ya Tanga, tarehe 3 mpaka 5 Novemba 1914, watu wa kamanda wao Lettow-Vorbeck, walibeba nini? Askari wengi walikuwa na bunduki ya muundo wa 1871, ya baruti nyeusi, ukipiga moshi unakutangaza ulipo. Ofisa angekuwa na Luger ya muundo wa 1908, ambayo sio rivolva kabisa, au ile Reichsrevolver ya 1879 au ya 1883, risasi sita za milimita 10.6, jitu zito, mpaka uvute nyundo kwa kidole kila unapotaka kupiga, na maganda unayasukuma nje moja moja kwa kijiti. Ukiitia mfukoni suruali inashuka. Kwa hiyo kirivolva cha milimita 7 chenye kifyatulio cha kujikunja, hata kama kilimwona Lettow-Vorbeck, hakikuwa silaha ya kazi.

Hawa ndugu zetu wanaochimba mali za Mjerumani usiku na ramani ya kuchora kwa kalamu ya wino siwezi kuwazuia, nimeshindwa na wa ukoo wangu sembuse wa Muheza. Ila mambo mawili. Usisugue kwa msasa, mkisugua muhuri umekwenda na hapo hata mimi sina cha kukusaidia. Na ukikuta chenye vile vijiti pembeni ya silinda usikishike kijiti kuona kama kinacheza, usikigonge, usimpe mtoto akushikie, risasi ya namna ile inalipuka kwa kugongwa tu kijiti na haihitaji mtu avute kitu, na watu wa enzi zile walikuwa wanaiacha imejaa ndani. Iache ilipo, ita mwenyekiti wa mtaa, polisi waje waichukue wao. Picha ya silinda kama ulishapiga kabla hawajafika, hiyo nitumie.