Jinsi nilivyozuia jua kumbabua mwanangu

Mwanangu ana ualbino, na jua la huku Moshi halina mchezo. Losheni ya kukinga jua tulikuwa nayo, ile Kilisun inayotengenezwa hapahapa hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini alikuwa bado anarudi kutoka shuleni masikio mekundu, shingo imebabuka kwa nyuma.

Kwanza nikaangalia kapelo. Inakinga paji la uso, basi. Nikamtafutia pama yenye ukingo mpana pande zote.

Kisha shati la sare. Nililinyanyua dirishani nikatia mkono ndani: vidole vyote vitano vinaonekana! Kama mwanga unapita, miale nayo inapita. Fundi akamshonea jingine la mikono mirefu, kitambaa kizito, kola inayofunika shingo. Shule haikuleta ubishi.

Losheni anapaka dakika 20 hivi kabla ya kutoka, na anapaka ya kutosha, mpaka nyuma ya masikio. Chupa ndogo iko kwenye begi ili arudie kila baada ya saa mbili, kwa sababu jasho huiondoa. Hata kukiwa na mawingu anapaka, miale hupenya.

Kigumu kilikuwa kipindi cha michezo, saa sita mchana kweupe. Nilimwomba mwalimu, akakihamishia saa mbili asubuhi, kabla ya yale makali ya saa nne hadi saa kumi. Darasa zima limefurahi, maana hata wao walikuwa wanaungua.

Kliniki ya ngozi bado tunakwenda kukaguliwa.