Kamera za msituni hazikuwa mbovu, betri ndizo zilizoziua

Ukiambiwa kamera ya msituni, ile inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita, imekufa, usikubali mpaka umefungua mfuniko wa betri ukaangalia mwenyewe. Kamati yetu ya maliasili ya kijiji, huku Kilombero chini ya milima ya Udzungwa, ilikuwa imeshaziandika za kwake kwenye orodha ya vifaa chakavu. Leo zinapiga picha usiku na mchana, na sikununua hata moja mpya. Naona fahari kulisema hilo.

Ushauri niliopewa nilipokuwa nazihangaikia ulinikera sana. Anika betri juani. Zing'ate kidogo. Changanya mpya na za zamani ili zisaidiane. Wazee walifanya hivyo na mawe ya redio, na kweli redio ilisema mpaka taarifa ya habari ikaisha. Ila redio inataka umeme kidogo. Kamera yetu inabeba betri nane zilizoungana mstari mmoja, na moja ikiishiwa kabla ya wenzake, zile nzima zinaendelea kuupitisha umeme ndani yake kwa nguvu, kinyume na ilivyoundwa. Gesi inajaa, kizibo kinaachia, maji ya betri yanatoka. Kuchanganya ndiko kulikoziharibu hizi zetu. Na kung'ata betri ya alkali ni hatari kabisa, kwani ndani mna haidroksidi ya potasiamu, inayounguza ngozi, mdomo na macho.

Kamera iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa na springi tatu zisizoonekana kabisa. Zimefunikwa unga mweupe uliogandamana, pembeni una kijani cha bluu pale shaba ilipoliwa. Betri moja iling'ang'ania mpaka nikaizungusha taratibu kwa koleo. Nilivaa glavu na miwani, kisha nikachovya kijiti cha pamba kwenye maji ya ndimu na kugusa ule unga. Ukatoa povu papo hapo. Nilifurahi, maana povu ni jibu: asidi ya ndimu inaimaliza alkali. Nikaendelea tone kwa tone, nikifuta na kuongeza, hadi ndimu ikawa haitoi povu tena. Hapo ndipo ujue umemaliza. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikapitisha spiriti, nikaiacha ikauke, halafu nikasugua springi kwa tupa ya kucha mpaka chuma kikang'aa. Springi moja ilikatika mkononi. Fundi redio akatoa nyingine kwenye rimoti mbovu na kuichomelea.

Ndimu haifai kila mahali. Kamera mbili zilikuwa zimewekwa betri za bei ya chini kabisa, zile za kaboni na zinki. Kopo la betri hiyo ni zinki yenyewe, nayo huliwa kadiri inavyotoa umeme mpaka linatoboka. Kinachovuja kina asidi, kwa hiyo ndimu haikutoa povu lolote. Nilitumia magadi kidogo kwenye maji, kitambaa kikiwa kimekamuliwa vizuri.

Dukani siangalii picha ya radi kwenye pakiti. Nasoma herufi ndogo kwenye ubavu wa betri. R6 ni kaboni na zinki, irudishe kwenye rafu. LR6 ni alkali. HR6 ni ya nikeli, ya kuchaji. FR6 ni ya lithiamu, haichajiwi. Zote ni ukubwa uleule wa AA na zinaingia mlango uleule, ndiyo maana watu wanaziona sawa.

Nilianza na alkali mpya, za aina moja na tarehe moja. Mchana picha safi kabisa, ngedere na kuku wa porini. Usiku hakuna kitu. Mtu akasema taa imeungua. Haikuungua: zile taa za mwanga usioonekana zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, na alkali iliyotumika kidogo inashuka volti hapohapo. Nililithibitisha kwa mita ya yule fundi. Betri ikiwa imelala ilisoma karibu 1.5, nikaiunganisha na balbu ya tochi ya zamani, ikashuka hadi 1.1. Tangu hapo sipimi betri bila balbu. Na kwetu usiku ndio wenye maana, kwa sababu tunamtafuta minde, mnyama wa jamii ya paa, ambaye hapatikani nje ya Tanzania na hutembea zaidi gizani. Milima hii ina mengi ya kuonyesha: mwaka 2005 kamera za namna hii zilimnasa kwenye msitu wa Ndundulu sange (kamnyama kenye pua ndefu) asiyejulikana na sayansi, akaja kutangazwa rasmi mwaka 2008.

Nikahamia HR6. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo nane zinatoa 9.6 na kamera inaweza kulalamika kuwa betri zimepungua tangu siku ya kwanza. Ingia kwenye menyu, kama kuna sehemu ya aina ya betri, ichague ya nikeli. Usiku zinashikilia volti vizuri kuliko alkali. Nunua zile zilizoandikwa kwamba zinauzwa zikiwa zimeshachajiwa. Hizo hazipotezi chaji haraka zikikaa.

Ifakara niliuziwa zilizoandikwa mAh 4000, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Betri ya nikeli ya AA haifiki hata 3000. Nikaenda nazo kwa sonara, nikamwomba mizani yake ya dhahabu. Ya kweli ina gramu 26 hadi 30 hivi; ile ilikuwa 17. Nilirudi dukani na yule sonara akiwa shahidi, pesa ikarudishwa. Nzuri nikaagiza Kariakoo pamoja na chaja inayochaji kila betri peke yake, jumla kama laki na kitu. Tunachajia kwenye sola ya ofisi ya kijiji.

Kila seti ya nane nimeiandika herufi kwa kalamu isiyofutika, A na A, B na B. Zinatoka pamoja, zinachajiwa pamoja, zinarudi pamoja. Ile kamera ya juu kabisa, ambako masika hatupandi mlimani, naiwekea lithiamu: ni nyepesi, ni nadra kuvuja, na inakaa muda mrefu. Ni ghali, na kipimo chake kinaonyesha imejaa mpaka karibu inakata, kwa hiyo naibadilisha kwa kalenda.

Kamera ikirudi stoo, betri zinatoka siku hiyohiyo, na ndani naweka kile kifuko cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu. Anayetunza ufunguo wa stoo ameshaambiwa asipokee kamera yenye betri ndani, hata ikiletwa na mwenyekiti.