Mapinduzi ya Unguja Yanavyosimuliwa Mombasa

Kutoka Tanga basi linapita Horohoro, pasi inagongwa muhuri, unaingia Lungalunga, na mbele yake ni minazi mpaka kivuko cha Likoni. Nimesomea Tanzania, na historia ya Mapinduzi ya Zanzibar niliijua jinsi chama tawala kilivyotaka ijulikane. Nilikwenda Mombasa kuwasikiliza waliokimbilia huko mwaka 1964.

Nilianzia Fort Jesus. Hadi Desemba 1963 bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya ngome hii, kwa kuwa mwambao wa Kenya ulikuwa milki yake, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa 1895. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, alikubaliana na Jomo Kenyatta kwamba mwambao huo uingie Kenya. Tarehe 10 Desemba Zanzibar ikapata uhuru. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa. Sultani Jamshid akaja na meli mpaka Mombasa, akanyimwa ruhusa ya kushuka.

Jioni nikaingia Mji wa Kale. Kwenye baraza moja muuza kahawa alikuwa akimimina kutoka kwenye dele, na mzee mmoja mzaliwa wa Mkunazini, mtaa wa mjini Unguja, akanisogezea sahani ya kashata.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kwenu mwaka unaanza Januari. Sisi tulikuwa na Desemba.”

Akamtuma mjukuu wake ndani alete bahasha. Ilikuwa na stempu ya uhuru wa 1963, na juu ya picha yake yamepigwa chapa maneno JAMHURI 1964. Wino mweusi, herufi nzito. Serikali mpya haikungoja kuchapisha stempu zake. Iliandika juu ya zile zilizokuwapo. Niliitazama sana bahasha ile. Kwa Afro-Shirazi (ASP), chama kilichoshika serikali baada ya Mapinduzi, uhuru wa Desemba ulikuwa wa Sultani na si wa wananchi, na mpaka leo serikali inaadhimisha Januari tu.

Wala si Sultani peke yake aliyefutwa. John Okello, Mganda ambaye sauti yake ilisikika redioni asubuhi ile akijiita Field Marshal, alikuwa amekwisha fukuzwa visiwani kabla ya Aprili. Historia ya chama ikasema kazi ya kupindua ilifanywa na watu 14 wa kamati chini ya Abeid Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Chama kikiwa kimoja, mwalimu angesema nini? Hata baada ya ASP na TANU, chama cha Tanzania Bara, kuungana kuwa CCM mwaka 1977, simulizi ilibaki ile ile. Naona huo ni ukatili kwa watu waliozika ndugu zao Januari ile, wakakatazwa hata kuhoji.

Lakini barazani pale utumwa, ambao Afro-Shirazi waliutaja sana, haukutajwa mpaka nilipouliza mimi. “Hayo yalikuzwa na siasa,” akajibu mzee.

Kesho yake nilivuka daraja la Nyali kwenda Kengeleni. Hapo ndipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari Waanglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Kengele yenyewe bado ipo, kando ya barabara yenye tuktuk na matatu, na wengi wanapita bila kuiangalia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Ni kweli Afro-Shirazi waliutumia utumwa majukwaani. Hilo haliufanyi kuwa uongo. Wala siwezi kumwambia mkulima aliyepewa eka tatu na serikali ya Karume kwamba hakupata kitu.

Nilirudi barazani jioni na kusema hivyo hivyo, kwa adabu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema yaya aliyemlea Mkunazini alikuwa mjukuu wa watumwa, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kwao. Mwenzake akamkatiza kwa hasira: yeye babake alichukuliwa Januari ile na hakurudi, hataki kusikia habari za yaya. Mzee akamjibu kwamba yote mawili yalitokea katika mtaa mmoja. Wakabishana, na vijana waliokuwa wakicheza bao pembeni wakaacha mchezo, wakaanza kuuliza maswali ambayo mimi shuleni sikuwahi kusikia mtu akiyauliza.